Sauti ya Kukhu, Bila Kukatwa

“Hiyo si sauti ya mama yangu, Lenah, hiyo ni kompyuta!” na kiganja cha senge Viola, dada ya baba yake, kikatua mezani, vikombe vikaruka, na Nasike, ambaye simu iliyotoka kucheza sauti hiyo ilikuwa bado mkononi mwake, akawaza kompyuta, kompyuta gani jamani, sauti ya Kukhu, nyanya aliyemfunza kupepeta mahindi, leo inaitwa kompyuta... “Ati kompyuta? Mulamwa, mtoto wangu aliishia kidato cha pili, hiyo ujuzi ya kufufua watu aliipatia wapi?” mama yake akajibu, mama hajawahi kushindwa na wifi yake kwa maneno tangu aolewe hapa Tongaren, lakini hilo la kidato cha pili angeliacha tu, baba alikufa, shule nayo ikafa, ndiyo, ila miaka miwili kwenye saiba ya Wanyoike, duka la kompyuta na intaneti kule Tuwan, Kitale, imemfunza mambo ambayo hata mwalimu wake wa hesabu hakuyajua... chumbani mtoto wa kaka yake Khisa alikuwa analia, siku ya kumi leo na bado hana jina, na mtoto akilia hivyo na kukataa kunyonya, watu wa hapa hawaulizi homa, wanauliza ni marehemu yupi anadai jina lake, na senge ametoka Bungoma mjini na jina lake tayari, Sitawa, jina la Kukhu mwenyewe, mama yake mzazi, wala hakuna ambaye angebisha isingekuwa rekodi hii aliyoichukua Nasike kwa simu, ambamo Kukhu anasema mtoto wa kwanza wa Khisa akiwa msichana aitwe Khalayi, Khalayi mama yangu amenijia usingizini mara mbili, msimwite mimi, mimi nikienda niacheni nipumzike kwanza... “Siku hizi wanaiga hata marehemu, nimeona na macho yangu! Mama aongee hivyo bila kukohoa hata mara moja? Mama yangu? Si huyo alikuwa anakohoa kwanza ndio aanze hata kusali!” na Nasike akaitazama simu, kwa sababu kikohozi kilikuwepo, yeye ndiye aliyekikata, dakika ya kwanza yote aliikata kabla ya kuituma kwa familia, aliona ni heshima, Kukhu asikike msafi, na tena baada ya kikohozi kulikuwa na yale mengine, Viola hajanikanyagia hapa tangu Krismasi, kwani Bungoma imehama, au anangoja kuja kula kwa matanga yangu... nani angemtumia senge maneno kama hayo wiki ya mazishi... kidole gumba kikafungua ukurasa wa muhuri wa saiba, unaoonyesha kama faili iliandikishwa na lini, kikaweka ile iliyokatwa, nao ukajibu, haijulikani, haijulikani kama mgeni langoni, akakumbuka Wanyoike akimwelekeza, akisema jaribu na faili yako mwenyewe ndio ujue kazi, sauti haiendi popote, kinachoandikwa ni alama ya kidole ya faili, ondoa hata pumzi moja na kidole ni kingine, na tunaiandika kwa blokcheni tatu, daftari ambazo kila ukurasa umeshonwa kwa ule uliotangulia, nakala ziko kwa watu chungu nzima, ukifuta yako zingine zinakusuta, “Na mbona tatu, moja haitoshi?” alikuwa amemwuliza, “Shahidi mmoja anaweza kuhama, bana,” na kweli, akiweka sasa faili nzima, ile iliyolala kwa simu bila kuguswa, daftari la kwanza halifunguki, limehama, la pili likasema ipo, Machi tarehe kumi mwaka jana, la tatu likasema vilevile, Machi tarehe kumi, asubuhi, miezi mitatu kabla Kukhu hajafariki, kabla hata mke wa Khisa hajapata mimba... “Nasike, si uongee! Ama umemezwa?” mama akasema, lakini angeongea nini, ushahidi upo, ila ni wa faili nzima, huwezi kuuonyesha huku umeficha dakika moja, akiucheza hapa mezani mama atacheka, na maneno hayo ya Kukhu yatakuwa fimbo ya kumchapia wifi yake mpaka wote wawili wazeeke, asipoucheza basi yeye Nasike ndiye mwizi wa sauti ya marehemu, jina baya kuliko majina yote yanayogombewa humu ndani... akamtazama senge, shingo yake imetokeza mishipa, macho yamelowa, na ghafla akaona kitu kilichomfanya karibu atabasamu, kwamba senge hakukosea, aliletewa mtu aliyekatwa akasema huyu simjui, sawasawa na zile daftari mbili, neno kwa neno, haijulikani, bila mtandao, bila bando, kwa masikio ya mtoto anayemjua mama yake kwa kikohozi, na Kukhu msafi asiyekohoa wala kulalamika, huyo kweli hakuwahi kuishi, alitengenezwa Tuwan kwa kidole gumba... kumbe haraka ya nini, hofu ya nini, wa kuombwa msamaha anajulikana, na moyo ukatulia kama maji ya mtungi, akasimama, mtoto bado analia, mama bado anauliza ati kompyuta, ati mzimu, akampita, akafika mlangoni, akageuka, “Senge, njoo nje kidogo, mwanzo niliukata mimi, nisamehe, unakusema vibaya kidogo, nataka usikie peke yako,” na senge akavuta leso akapangusa macho, akaja polepole mpaka kizingitini, akaitazama ile simu kama mtu anayetazama mlango wa nyumba ya kwao, akasema, “Weka kutoka mwanzo, mtoto wangu, na uongeze sauti hata huyu mama yako asikie. Kunisema, mama alinisema hata nikiwa mbele yake.”