Matandazo ya Mama Uberlinda

Rosamel alijua tangu Jumatatu. Siku hiyo watu wa kiwanda cha unga wa samaki walikuja juu: chujio lao la harufu, lile shimo pana lililojazwa vipande vya mbao, limekufa. Vijidudu vinavyokula uvundo vimekwisha, na mji mzima unanuka matumbo ya samaki. Rosamel ndiye aliyewasagia vipande hivyo kazini kwake, basi akaenda kwenye lundo la nguzo za kushikilia mizabibu zilizobaki, akapasua moja kwa shoka. Ndani ilikuwa ya kijani. Dawa ya kuzuia kuoza, sumu tupu.

Nguzo kuukuu hupauka zikafanana na mbao yoyote, ndiyo maana pale kazini kila mtu hupasua ncha kwanza. Yeye siku ya kusaga mvua ilimchapa, akaona uvivu, akasaga tu. Nusu ilikwenda kiwandani. Nusu nyingine alimpelekea jirani yake, Mama Uberlinda, shukrani kwa kumuuguzia mkewe majira yote ya baridi. Aliyatandaza bustanini kwa mikono yake, yawe matandazo ya kufunika udongo, huku akijisifu. Na kuku wa mama huyo, kazi yao ni kuchakura humo kutwa nzima.

Kwa bosi alikiri Jumatatu ileile, akafokewa, yakaisha. Kwa Uberlinda ulimi ukaganda. Mtu mzima na ndevu zake, anapita njia ya nyuma kama mwizi wa mapera!

Jumamosi akaitwa chai ya jioni.

"Umetususa, mwanangu?" Uberlinda alimdaka mlangoni. "Au umepata jirani anayenishinda kupika?"

"Kazi tu, Mama."

"Kazi! Hebu kaa hapo. Tangu uniletee yale matandazo, kuku wanataga kama wamelogwa."

Akamwekea mayai ya kukaanga na mkate wa moto. Rosamel akala yote. Aliona haya kukataa, tena alijidanganya kwamba akiila sumu yake mwenyewe moyo utatulia. Haukutulia hata kidogo.

Ndipo akaingia Yessenia, bintiye Uberlinda, tumbo mbele, amekaribia kujifungua. Mamaye akamsogezea sahani ya mayai na uma.

"Kula, we mwanamke. Mjukuu wangu hashibi hewa."

Rosamel akaifunika sahani kwa kiganja.

"Usile."

"Makubwa! Unamnyang'anya mjamzito?" Uberlinda akaangua kicheko.

"Matandazo yale yana sumu, Mama. Nilisaga nguzo za mizabibu bila kuzipasua. Kuku wanachakura sumu."

Kicheko kikakatika. Yessenia akaweka uma mezani taratibu.

"Umejua leo?"

"Jumatatu."

Yessenia akaitazama sahani tupu ya Rosamel, kisha akamtazama yeye.

"Jana ulipita hapo nyuma ukanikuta nakula mayai," alisema. "Ukanitakia chakula chema."