Aliyenyamaza Amehesabiwa

Wenzangu wenye watoto wapole, haya yaliwapata fundi cherehani mmoja na binti yake muuguzi.

Binti alikuwa mwanachama wa chama cha wacheza drafti wa nchi nyingi. Hawakutani. Kila mmoja ana ubao kwake, hatua anaituma kwa simu, na mwenzake ana siku tatu za kujibu. Ubao wa binti ulikaa juu ya meza ya kukatia nguo, na kete zake zilikuwa vifungo vya mama, vyeusi na vyeupe. Mchezo mmoja ulikuwa umefikisha miezi minne. Fundi alikata vitambaa akiukwepa kama mtoto aliyelala.

Asubuhi moja akamkuta binti anarudisha vifungo kwenye kopo.

"Umefungwa?"

"Sijafungwa, mama. Najitoa. Mwenyekiti mpya anataka kila hatua ijibiwe ndani ya saa moja, na mimi wodini siingii na simu."

"Na mmekubali?"

"Wamebishana wiki nzima. Huyu anasema mchezo umelala, yule anasema katiba haijasomwa, mpaka wakaitana makobe. Mimi nimenyamaza."

"Kwa nini?"

"Si watu wazima wale? Wewe ndiye uliyenifunza, wakubwa wakisema, mdogo asikilize."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, asije akazimeza.

"Nisomee hiyo katiba."

Kifungu cha tisa: asiyejibu pendekezo ndani ya siku saba atahesabiwa amekubali.

"Leo ya ngapi?"

"Ya saba. Mwisho saa sita mchana."

Fundi akauliza idadi, akapiga hesabu. Wanachama sitini, waliobishana kumi na mmoja. Arobaini na tisa wote kimya, na kimya chao chote kiko mfukoni mwa Mwenyekiti! Kimya kingi kina mshindo, lakini huu ulikuwa unamwangukia mwanawe.

"Andika."

"Watasema huyu katokea wapi?"

"Waambie umetokea kazini. Mwanangu, nilikukataza kuwakatiza watu wazima. Kukataa sikukukataza. Kama ndivyo ulivyoelewa, kosa ni langu, utanilaumu baadaye. Andika!"

Binti akaandika mistari miwili: yeye ni muuguzi, simu haiingii wodini, kwa hiyo hapana. Akatuma, akaisukuma simu chini ya kitambaa kana kwamba inauma.

Ikalia. Mwokaji: hapana, mikono yangu ina unga mpaka mchana. Dereva wa lori: hapana, mnataka nicheze na usukani mkononi? Mzee mmoja: hapana, mimi hiyo saa moja naimaliza nikitafuta miwani. Kufika saa sita, hapana zilikuwa thelathini na nne.

Mwenyekiti hakukasirika. "Jamani, nilidhani mmependa," akaandika. "Mbona hamkusema?"

Vifungo vikarudi ubaoni, binti akikumbuka mahali pa kila kimoja. Jioni mteja akaja na shati, akanyoosha kidole kwenye kifungo cheupe.

"Hicho kipo kazini," fundi akamwambia. "Chagua kingine."

Ila kifungu cha tisa hakikuguswa, bado kipo vile vile. Basi kila asubuhi, kabla binti hajatoka, fundi humsimamisha mlangoni.

"Kuna kura leo?"

"Hakuna, mama."

"Hebu soma vizuri."