Mjane Aliyetoka kwenye Televisheni

Jioni ya Alhamisi, mwaka wa pili wa uhuru, Mwalimu Philemon aliunganisha televisheni na betri ya lori, kisha akapanda juu ya dawati kufunga waya wa eriali dirishani. Televisheni hiyo iliachwa na mzungu aliyeuza shamba lake Lugari. Darasa la ngumbaru, la watu wazima wa Kakamega, lilijifunza Kiswahili kwa kutazama mchezo na kutaja mafunzo yake.

Siku hiyo, mchezoni, mwanamume alimfukuza mjane wa nduguye na kuifunga nyumba kwa kufuli. Mvua ilikuwa kubwa. Mjane alitazama huku na huku, akainua leso yake, akavuka kioo cha televisheni na kushuka sakafuni. Maji yalimchuruzika.

"Karibu, mama," mwalimu alisema. "Musimbi, sogea akae."

Musimbi alisogea, akamvika sweta yake. Mgeni alikuwa wa kijivu mwili mzima, leso na yote.

"Haya. Mchezo unatufundisha nini?"

Erastus, mzee wa kanisa, alisimama wa kwanza kama kawaida. Machozi yalimlengalenga.

"Unatufundisha kwamba nyumba ya marehemu ni ya mkewe. Anayemfukuza mjane hana utu."

"Mpigieni makofi."

Walimpigia. Musimbi pia alipiga. Erastus alikuwa shemeji yake, na tangu mumewe azikwe, funguo za nyumba yake zilikaa mfukoni mwa Erastus.

Darasa lilipokwisha, Erastus alimwendea mgeni.

"Dada, usihangaike. Niko na nyumba tupu, ya mabati. Ya marehemu ndugu yangu."

"Mkewe yuko wapi?"

"Si huyo umekaa naye?"

"Mulamwa," Musimbi alimwambia shemeji yake polepole, "na mimi nikuje naye?"

"Wewe maneno yako yalikwisha."

"Basi nitalala kwake," mgeni alisema.

"Erastus!" Ayuma, mwanafunzi mwenzao, alicheka kutoka nyuma. "Hata wa televisheni amekukataa!"

Katika chumba alichopanga Musimbi, wanawake wale walikula ugali wa obusuma na mboga katika sahani moja. Musimbi alimpaka mgeni mafuta miguuni. Ule ukijivu haukutoka, lakini miguu ilipata joto.

Alhamisi iliyofuata, mchezo uliendelea bila mjane. Humo kiooni, shemeji yake alikuwa amejuta. Alifungua kufuli, akaketi mlangoni na kumwita kwa jina.

"Si urudi?" Musimbi alimnong'oneza mgeni.

"Nitarudi siku utakayofunguliwa mlango wako."

Musimbi alimshika mkono.

"Haya," mwalimu alisema. "Mchezo unatufundisha nini?"

Erastus aliinuka haraka, na funguo zikalia mfukoni mwake.