Kuku Wangu na Ndugu Zake wa Mtoni

Jana usiku niliota kuku wangu ananiomba ruhusa.

Kuku mwenyewe ni kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Ndiye pekee aliyebaki, wenzake ambao hatukuwala wameishia kwenye kideri, ule ugonjwa wa kuku. Anaatamia jikoni nyuma ya kuni, na siku za kuangua zimempita. Kabla hatujalala mke wangu Filomena alisema, "Baba Otmari, yale mayai ni viza. Kesho wazee wa kijana wanakuja kumposa Eufrasia. Mjukuu wetu huyo tumtie aibu kwa ugali na mboga za maboga? Asubuhi unichinjie huyo kuku."

Nikasema sawa. Tena nisiwafiche, nilishaanza kuiwaza firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na miaka yote nimeila mie.

Basi kwenye ndoto Kishingo kasimama mlangoni, kajitanda kitenge.

"Mzee, naomba ruhusa. Kuna kikao cha ukoo."

"Ukoo gani? Kanga? Kware?"

"Hao wa karibu, tunaonana kila siku. Hiki ni cha upande wa mamba."

"Mamba huyu wa mtoni?"

"Kuna mwingine?"

Nikafikiri, huyu akienda peke yake harudi, na wageni watakula nini. Nikavaa koti nikamfuata.

Natoka mlangoni, uwanja haupo. Kuna mti tu, mkubwa usio na mwisho, na sisi tuko juu kabisa kwenye kijitawi. Pale ng'ambo namwona mamba jike kwenye kijitawi chake, anaota jua.

"Turuke," nasema.

"Haturuki, Mzee. Ukienda kwa ndugu unashuka mpaka pale mlipoachana. Ndiyo sheria."

Tunashuka. Kwenye panda ya kwanza, pale matawi yanapoachana, tunawakuta kware, wanatuamkia. Chini kidogo, bata. Chini zaidi mbuni, yule ndege mkubwa, kakaa anachambua maharage. Na kadiri tunavyoshuka Kishingo anabadilika. Mkia unarefuka. Mdomo unafupika. Anaota meno! Naogopa, lakini ananiambia, "Usijali, haya ni ya zamani," kama mtu anayezungumzia shati kuukuu.

Mwisho tunafika kwenye panda kubwa. Hapo pana meza, na nyuma yake kakaa mama mmoja, Dokta Kapinga. Kazi yake kuchunguza mnyama gani katoka kwa nani. Mezani ana rula, mizani na rundo la mifupa. Mamba ameshashuka upande wake, yuko kwenye benchi, katulia. Lakini kuna na kenge, anapiga kelele.

"Ndugu yake mamba ni mimi! Tazameni ngozi! Tazameni mkia! Huyu mwenye manyoya katokea wapi?"

"Hayo ni mavazi," anasema Dokta Kapinga. "Leteni mioyo."

Mioyo ikawekwa mezani, nayo ni nyumba, kila mmoja na bati lake. Dokta akafungua milango. Wa mamba vyumba vinne. Wa kuku vinne. Wa kenge vitatu.

"Cha nne bado najenga," kenge anasema.

"Tangu lini?"

Kenge akaufunga mlango wa moyo wake.

Nami nikaona nisikae bure. "Dokta, hata mie moyo wangu vyumba vinne. Si niwe basi shemeji?"

"Vyako mlijijengea wenyewe, huko kwenye tawi lenu. Nyumba yako ya bati na ya jirani yako ya bati. Fundi alikuwa mmoja?"

"Hapana. Yangu alijenga Kolumba. Inavuja."

"Basi kaa."

Nikakaa.

"Sasa matumbo," akasema Dokta. "Mamba humeza mawe. Kuku naye ana mawe kwenye firigisi, hutumia kusagia chakula. Ya huyu nayaona. Firigisi za wenzake ziko wapi nilinganishe?"

Wote wakanigeukia.

"Zimeliwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mwenye nyumba."

Kenge akacheka mpaka ulimi ukapasuka pande mbili. Ndiyo maana uko vile.

Mamba hakucheka. Akamgeukia Kishingo. "Ndugu yangu, watoto wameshaita?"

"Sijui. Naona wanaanza, ila pale jikoni makelele mengi."

"Wangu huniita wangali ndani ya yai. Nikiwasikia tu, nafukua mchanga."

"Wangu ni hivyo hivyo. Ila Bibi Filomena kasema ni viza. Kesho nachinjwa."

Mamba akanitazama. Ana macho ya mama mkwe, yule.

"Wewe baba. Uliweka sikio kwenye yai?"

"Sikuweka."

"Ulijuaje ni viza?"

"Niliambiwa."

Dokta Kapinga akaweka rula chini. "Hapa hatukubali kitu kwa kuambiwa. Tunapima, tunafungua, tunasikiliza." Kisha akachukua kijiwe kimoja cha Kishingo. "Achama. Kikae chini ya ulimi, usiseme neno juu ya mayai hayo mpaka uyasikilize. Na ni mali ya mwenyewe, utamrudishia."

Kijiwe baridi, kina ladha ya mahindi.

"Baba Otmari! Amka, kisu tayari!"

Nikafumbua macho. Filomena kasimama mlangoni na kisu chake. Nataka kumwambia asubiri, ulimi ukagonga kitu. Nikatema mkononi. Kijiwe cheupe, kimelainika pande zote.

"Jino limeng'oka?" Filomena akauliza.

Nikaenda jikoni nikapiga magoti nyuma ya kuni. Nikakiweka kijiwe chini, nikapenyeza mkono chini ya kuku, nikatoa yai, nikaliweka sikioni. Kimya. Nikasema moyoni, haya mzee, umeota tu. Nikatoa la pili.

Ndani ya yai mtu akasema, "Pii."

"Filomena," nikaita. "Hebu njoo."

Akaja, akainama na kisu mkononi, akasikiliza. Akasikiliza tena. Halafu kisu akakiweka juu ya kuni.

"Haya," akasema. "Wazee wa kijana watakula mboga za maboga, nitaziunga karanga. Eufrasia atatusamehe. Wewe na firigisi yako sijui."

Nilipotazama chini, Kishingo ameshanyoosha ile shingo yake tupu. Akakikagua kijiwe kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akakidonoa, akakimeza.