Mwanamke wa Baa

Shangazi alikuwa akichagua mchele Jumanne asubuhi alipopigwa risasi tatu kifuani. Sinia likamponyoka, naye akaanguka ubavu kama alivyozoea. Fundi cherehani, mtoto wa kaka yake aliyeishi naye, alisimamisha cherehani, akamwekea mto kichwani, akayatazama matundu kwenye gauni. Mawili juu, moja chini ya titi la kushoto.

"Hii ni ile picha ya wezi wa benki," alisema. "Sijui wanaionyesha wapi asubuhi yote hii."

"Popote pale, hawana kazi," Shangazi alijibu kutoka sakafuni.

Baada ya dakika mbili aliinuka, akaosha ile damu inayonuka rangi, akaanza kuokota mchele.

Ujanani alicheza picha tisa za majambazi, na katika zote tisa aliuawa kabla ya nusu. Mwelekezi alimwambia wazi kwamba mwanamke mweusi kama yeye hafiki mwisho wa picha. Anayefika ni mchumba wa nyota, yule mweupe mwenye nywele za kulala. Tangu hapo, kila mara picha hizo zilipoonyeshwa, Shangazi aliangukia palepale alipo: jikoni, sokoni, mara moja kwenye foleni ya posta. Majirani walimwita Bi Risasi, na walipomkuta chini walimzunguka kwa adabu, wakimsalimu.

Lakini uzee hauna hodi. Nyonga ilishapata ufa, na daktari alisema akianguka vibaya tena hatainuka. Mwezi huohuo ukumbi wa sinema wa mtaa wa pili ukatangaza kuonyesha ile ya wezi wa benki siku saba, mara mbili kwa siku.

Fundi alimwendea meneja.

"Mara kumi na nne, bwana. Ni mtu mzima yule."

"Mpe pole," alisema meneja. "Ila watu wanaipenda sehemu hiyo. Ndiyo iliyo kwenye bango."

Hakusema uongo. Kwenye bango Shangazi alilala chali miguuni mwa nyota, sketi imepanda mapajani.

Fundi alirudi na jibu hilo. Shangazi alilisikiliza mpaka mwisho.

"Basi twende," alisema. "Wamezoea kuniua nikiwa sipo."

Siku ya kwanza, saa nane mchana, walikaa safu ya mbele. Nyota alipoingia baa na kuinua bastola, Shangazi alisimama. Risasi zikamwingia: mbili juu, moja chini ya titi. Akapepesuka. Fundi akanyoosha mikono.

"Usinishike, mwanangu."

Hakuanguka. Na msichana wa baa kwenye pazia, yeye mwenyewe wa ujanani, naye hakuanguka. Nyota akamwongeza tatu, bastola ikaisha risasi. Akageuka kumtazama mtu aliye nje ya picha, akisubiri kuelekezwa.

"Miaka arobaini na mitano sijapewa neno hata moja," alisema msichana, na midomo ya Shangazi ilicheza pamoja na yake. Alijimiminia kinywaji. Akataja jina lake kamili, la mama yake muuguzi na la bibi yake. Akasema anaendesha gari vizuri kuliko wezi wote wale, akachukua funguo zao mezani, akatoka kwa mlango wa mbele. Nje gari likasikika likiondoka. Watu ukumbini waliendelea kutafuna bisi. Mmoja alilalamika kwamba picha imerefuka.

Mwisho yakapita majina: la nyota, la mchumba, la dereva, hata la mbwa. Kisha maandishi madogo: Mwanamke wa Baa.

Meneja alikuja taratibu kati ya viti. "Nakala hii imeharibika, mama. Nitaagiza nyingine ambamo unakufa vizuri."

"Agiza," alisema Shangazi, damu ikimchuruzika mpaka miguuni. "Onyesho la pili ni saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Zilibaki dakika arobaini. Shangazi alivua viatu ili nyayo zishike sakafu, akasimama.