Bafle Tano za Zéphyrin

Zéphyrin wa Kibua alikuwa na hamu moja tu: sebule yake igeuke sinema. Televisheni kubwa alikuwa nayo, na betri za jua; kilichobaki ni sauti. Basi akaenda Walikale na mkewe Falone, kwa mfanyabiashara mwenye mitambo miwili. Wa kwanza ulikuwa bafle, yaani spika, moja ndefu ya kuweka chini ya televisheni. Wa pili ulikuwa bafle tano za kuzunguka chumba, pamoja na sanduku la besi kubwa kama gunia la maharagi.

Muuzaji aliijaribu yote miwili kwa filamu ileile ya vita. Kwenye bafle ndefu risasi zililia kama mahindi yanayokaangwa. Kwenye zile tano zilitokea nyuma ya kiti, na Zéphyrin akainama bila kutaka. Alipoinuka alikuwa anacheka. Kuna watu hawajashiba hofu ya bure, wanaitafuta hata dukani.

Falone hakucheka. Mama mkwe wake, Mama Emérita, alikuwa amekimbia kutoka Ngungu kwa miguu, risasi zikimfuata, na mpaka leo mlango ukibamizwa anajilaza chini.

"Papa Fifi, tukamate ile moja," alimwambia mumewe. "Mama iko analala nyuma ya ukuta yetu."

"Ile iko ya watoto. Hii njo ya kweli."

Sikio la kufa halisikii dawa. Bafle tano zikapanda Kibua.

Kibua wana desturi yao: anayesikia risasi ya kwanza hupiga sufuria, na kijiji huingia porini bila kuulizana. Jioni ya kwanza, filamu ilipofika kwenye mapigano, sufuria zililia na watu wakatoweka, mchungaji mbele. Mama Emérita alipatikana asubuhi katikati ya mihogo, amelowa, hana kiatu. Zéphyrin aliona haya, lakini haya yake haikutosha kumfanya arudishe mtambo. Alipita nyumba kwa nyumba akiwatuliza watu, na kwa mama yake akapiga magoti. Akamwapia kwa jina la marehemu baba yake kwamba akisikia tena risasi asikimbie, ni mashine tu. Mama wa watu, kwa kumpenda mwanawe, akajifunza kutokimbia. Na jirani nao wakazoea, sufuria zikabaki za ugali.

Siku yenyewe ilipofika kulikuwa na jua kali. Zéphyrin alikuwa sebuleni akipangusa vumbi, nyaya zote amezichomoa, risasi zikalia upande wa mtoni. Alizitazama bafle zake. Zilikuwa kimya. Katika Kibua nzima, yeye peke yake ndiye aliyejua.

Alitoka mbio na sufuria ya Falone, akaipiga mpaka ikabonyea. Jirani wakacheka, wakasema leo ameongeza na sufuria kwenye filamu yake. Mama Emérita alikuwa mlangoni kwake, anamenya maharagi.

"Mama, kimbia! Hii njo ya kweli."

Aliinua uso akamtabasamia, kama anavyotulizwa mtoto aliyeota vibaya.

"Hapana ogopa, mutoto wangu. Iko mashine yako tu. Uliniapia."

Zéphyrin alikuwa bado hajamfikia. Risasi iliyompata mama yake ililia sawasawa na ile ya dukani. Alikuwa amechagua vizuri.