Posa ya Hadiya Siku ya Fainali

Sisi tukipanga posa huangalia mambo mengi. Isigongane na matanga, shangazi wa Mumias awe amefika, nyama ya Idd iwe bado ipo kwenye friji. Kwa hiyo Mzee Hassan wa Mamboleo aliponipigia simu kusema wataleta posa ya binti yangu Hadiya Jumapili ile baada ya Idd, nilisema alhamdulillahi, na mume wangu Nasir, aliyekuwa anakula, akaitikia kwa kichwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuangalia Paris.

Nasir anauza mabati na misumari pale mjini, lakini ukimuuliza yeye ni nani atakwambia ni mchezaji wa tenisi. Kila Jumamosi yuko klabuni karibu na ziwa, kwenye kile kiwanja cha udongo wa kichuguu, akirudi soksi zake nyekundu kama zimechovywa kwenye mchuzi. Mimi ndiye ninayezifua. Na kila mwaka Paris wakianza kucheza kwenye udongo wao, nyumba yangu haina baba kwa wiki mbili.

Fainali ya mwaka huo, 2025, ilianza saa kumi jioni. Wageni nao walikuja saa kumi jioni.

Siku hiyo haikuwa ya mchezo kwangu. Nasir alishamkataa mposaji mwenyewe, Uzair, mwaka uliotangulia. Kijana aliacha kazi ya benki akaenda kukodi shamba la mpunga Ahero, mafuriko yakabeba mpunga wote. Akapanda tena, yakabeba tena. Nasir akasema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye hawezi kumaliza alichoanza. Hadiya, ambaye ni muuguzi na si mtoto, alilia wiki nzima kisha akamwambia baba yake maneno haya mbele yangu: "Baba, wakija mara ya pili ukisema hapana, sitawaleta tena. Lakini mwingine usiniletee." Ninamjua mwanangu. Hasemi jambo mara mbili.

Basi wakaingia: Mzee Hassan, ambaye ni amu yake Uzair na ndiye mshenga, pamoja na shangazi wawili wamejipamba, wamebeba mikoba ya sukari na khanga. Uzair mwenyewe alibaki kwenye gari nje ya geti, maana kwao mposaji haingii mpaka aitwe. Sebuleni walimkuta Nasir kwenye kochi, kando yake rafiki yake wa klabu, Rajnikant, mwenye duka la vitambaa, na wote wawili macho kwenye runinga.

"Karibuni, karibuni," Nasir akasema, akisimama nusu. "Mzee Hassan, tutaongea seti ikiisha. Sawa?"

Mzee Hassan hakujua seti ni nini. Akasema sawa.

Seti ya kwanza ikaisha, Sinner wa Italia akaichukua, na Nasir akafurahi kwa sababu Sinner ndiye wake tangu Nadal astaafu. Lakini hawakuongea. Seti ya pili ilikuwa imeshaanza.

Mzee Hassan ni mtu mzima, anajua mlango ukifungwa unazunguka kwa dirisha. Akasogeza kiti. "Baba Hadiya, nifundishe. Kwa huu udongo, mkubwa wao ni nani?"

Loo! Afadhali angeuliza siasa.

"Nadal," akasema Nasir. "Paris ameshinda mara kumi na nne. Kumi na nne, Mzee! Hakuna mjadala."

"Mjadala iko," akasema Rajnikant. "Djokovic amempiga hapo hapo Paris mara mbili. Nani mwingine amefanya hiyo?"

"Na yeye amepigwa na Nadal hapo hapo mara nane. Mbona hiyo husemi, Rajni?"

"Nasema ya maana."

Huyo Djokovic alikuwa ametolewa na Sinner Ijumaa, siku yenyewe ya Idd, na Rajnikant alikuwa bado na kinyongo. Ndiyo maana Jumapili hiyo alikuwa upande wa Alcaraz, mpinzani wa Sinner siku hiyo, si kwa mapenzi.

"Na hawa wawili wa leo?" akauliza Mzee Hassan.

"Sinner anapiga safi, hana kelele, hana mbwembwe," Nasir akamweleza. "Huyu Alcaraz ana kipaji, sikatai, lakini anacheza kama mtoto ameona peremende. Mara kafupi karibu na wavu, mara karefu, anakosea, anacheka. Huwezi kumtegemea."

"Lakini udongo unapenda mtu kama huyo," akasema Rajnikant. "Angalia, Mzee. Kwa saruji mpira unakimbia, mwenye nguvu anamaliza kazi haraka. Kwa udongo mpira unapunguza mwendo, unaruka juu, mwenzako anaufikia. Yule umedhani umemmaliza, unaona amerudi."

Mzee Hassan akaona mlango umefunguka, maskini. "Basi hata Uzair wetu ni mtu wa namna hiyo..."

"Uzair wenu amecheza kwa udongo wa Ahero, Mzee," Nasir akamkata bila kutoa macho kwenye runinga. "Na mafuriko yamempiga mara mbili."

Shangazi mmoja akaweka kikombe chini. Mimi nilitamani kuchukua ile runinga niitupe ziwani pamoja na mwenyewe.

Nikaenda jikoni. Hadiya alikuwa dirishani na gauni lake jipya, pilau imeshafunikwa. Aliyasikia yote. "Mama, amekula?" akaniuliza, na hakuwa anamuulizia baba yake. Nikampelekea Uzair chai na mahamri kwenye gari. Akanishukuru, akauliza, "Mama, wamefika wapi?" Nikamwambia seti ya tatu.

Sinner alikuwa na seti mbili mkononi kati ya tatu za ushindi, Alcaraz akachukua ya tatu. Magharibi ikaingia, Nasir akawaongoza wageni kuswali pale pale sebuleni, runinga imezimwa sauti na kugeuzwa ukutani. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kusikia amechagua sura fupi namna ile.

Kisha ikafika ile saa. Hata sisi tusiojua tulijua, kwa sababu Nasir alisimama na hakupumua. Sinner alikuwa amebakiza pointi moja tu kuwa bingwa, na alikuwa na nafasi tatu za kuipata.

"Tatu!" Nasir akasema. "Mzee Hassan, moja tu kati ya hizi tatu, basi!"

Stima ikapotea.

Mtaa mzima ukawa giza. Nasir hakuhuzunika hata kidogo. Alipiga makofi gizani. "Imeisha! Huyo hawezi kukosa zote tatu. Sinner bingwa! Mama Hadiya, leta mshumaa, leta pilau!" Na furaha yake ilikuwa kubwa mno, ikamwagikia wageni. Akamshika Mzee Hassan bega. "Mzee, mmekaa kwangu kwa subira. Watu wa subira ni watu wa heshima. Nimekubali. Mchukueni Hadiya."

Nilisimama mlangoni na mshumaa. Na hapo ndipo nilipomwona Rajnikant. Alikuwa ametoa simu, mwanga wake ukimpiga usoni, na uso wenyewe ulikuwa umeduwaa. Nasir hapendi matokeo ya simu, anasema ni umbea, kwa hiyo hakumtazama. Rajnikant alisoma, akainua macho, akaniona nimemwona. Akaizima simu polepole akaitia mfukoni.

"Soma fatiha, Mzee," akamwambia Mzee Hassan. Yeye Mhindu! "Soma sasa hivi, mambo mazuri hayangoji."

Fatiha ikasomwa. Shangazi wakapiga vigelegele, nami nikapiga, ila macho yangu hayakutoka kwenye mfuko wa Rajnikant.

Stima ilirudi baada ya kama nusu saa. Runinga ikawaka, na wale vijana wawili walikuwa bado wanakimbia. Seti ya tano: Sinner alikuwa amezikosa zote tatu.

Nasir alikaa chini taratibu. "Haiwezekani," akasema. Kisha akageuka. "Rajni. Ulijua."

"Network ilikuwa slow," akasema Rajnikant, akitazama dari.

Hakuna aliyecheka. Mzee Hassan alitoa tasbihi akaanza kuhesabu, na mimi nilijua anahesabu nini. Neno limetolewa, fatiha imesomwa, lakini nani hajui baba anaweza kusema nilidanganyika, nilidhani hivi kumbe vile? Hadiya alikuja akasimama nyuma yangu, akanishika kidole kimoja kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo sokoni. Tulitazama tenisi, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu. Nilimwombea Sinner kwa moyo wangu wote. Mungu anisamehe, nilimwombea Mwitaliano nisiyemjua ashinde, ili mume wangu asikasirike.

Hakushinda. Mwisho walicheza ya kukimbilia pointi kumi, na Alcaraz akamwachia mbili tu. Akaanguka chali kwenye udongo, akainuka mgongo wote mwekundu. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu, na walikuwa wamecheza kwa saa tano na zaidi.

Nasir alizima runinga. Alivaa kandambili, akatoka nje.

"Baba Hadiya!" nikamwita. Nikamfuata mbio, maana alikuwa anaelekea getini. Akagonga kioo cha gari. Uzair alishtuka, akatoka haraka, shati limekunjamana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekaa hapa tangu saa kumi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kule Ahero umefanya nini na lile shamba?"

Uzair akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Nimepanda tena, Mzee. Maji yalishuka. Tumeinua tuta upande wa mto, inaweza kushika."

"Na isiposhika?"

"Sijui, Mzee." Akafikiri. "Nitapanda tena tu."

Niliona mabega ya Nasir yakishuka, kama afanyavyo akivua begi la raketi mlangoni.

"Sikiliza," akasema. "Huko ndani nimekukubali nikidhani nimeshinda. Mtu akishinda anakubali chochote, hiyo haihesabiki. Sasa nimeshindwa, na roho inaniuma vibaya sana." Akaegemea gari. "Na bado nakukubali. Hii ndiyo ya kweli. Umesikia?"

Uzair akaitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya geti na gauni langu la Idd, nikalia na kucheka kwa pamoja, mzigo wa mwaka mzima umeshuka wote kwa mkupuo. Sikuona hata haya.

"Mama Hadiya, mbona unalia na umeshinda?" Nasir akaniuliza. Kisha akamshika Uzair kiwiko. "Ingia ule, kijana. Na ukimkuta Mhindi mmoja ndani, mnene, na simu mfukoni, usimpe mkono kabla yangu. Nina maneno naye."

Kutoka dirisha la jikoni nilimsikia Hadiya akirudisha sufuria ya pilau motoni.